Nimemdhamini Fundi Gervasi

Jumapili, Novemba 1978. Kirushya.

Manyunyu tangu asubuhi. Si mvua ya kutisha, ila mawingu yamelala juu ya milima na hayaondoki. Nimeketi chumbani, upande wenye bati. Watoto wanacheza sebuleni, upande usio na kitu juu. Wao wanaona raha kuchezea mvua ndani ya nyumba.

Mimi naogopa.

Mama mkwe ameniuliza naandika nini Jumapili mchana badala ya kumenya ndizi. Nimemwambia naandaa somo la watu wazima ninaowafundisha kusoma. Hajaniamini. Anakohoa tu.

Nianze mwanzo, labda nikipanga maneno moyo nao utapangika.

Nyumba hii tuliijenga haraka haraka wakati wa operesheni ya vijiji, tulipoambiwa tushuke kutoka mlimani tuje kukaa pamoja kando ya barabara. Miti, udongo, nyasi juu. Mama mkwe aliiacha migomba yake kule mlimani, na mpaka leo huitaja mmoja mmoja kama ndugu waliokufa. Deusi, mume wangu, ni dereva wa lori la ushirika. Mwaka huu alipata mabati kwa taabu kubwa, akasema mvua zisitukute tena chini ya nyasi zilizooza. Akamleta Fundi Gervasi kutoka Kibimba.

Gervasi ni mtu ambaye ukimwona unampenda. Mrefu, mcheshi, huimba akiwa juu ya paa. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi miaka mingi iliyopita, yeye akiwa mgongoni. Ulimi wake hugeuza l kuwa r, jambo ambalo hapa si ajabu, maana nusu ya kijiji wanasema hivyo hivyo. Nyasi za zamani alizishusha asubuhi moja tu. Alizitupa chini huku akiimba, panya wakatawanyika, watoto wakapiga mayowe ya furaha. Nikasema moyoni, naam, huyu ndiye fundi.

Kubomoa anajua sana.

Akasimamisha kenchi, zile mbao za kubebea bati, akaezeka upande mmoja, ule unaotazama barabara. Kisha akaanza kupotea. Mara mke wake amejifungua. Mara msumeno umeazimwa na haujarudishwa. Mara mjomba wake amefariki kule Nyakisasa, na baada ya muda mjomba akafariki tena. Nilipomwuliza kama ni mjomba yule yule, alinijibu bila kupepesa jicho, "Huyu ni mdogo wake, Mama Anjera. Kesho namariza."

Baadaye nikagundua kwamba anashika kazi kila mahali. Anabomoa hapa, anakwenda kubomoa kule, ili kila mwenye nyumba abaki amefungwa naye na asiweze kutafuta fundi mwingine.

Ndipo vita vikaja.

Tulisikia kwenye redio ya balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sebastiani. Majeshi ya Uganda yamevuka mpaka, yameshika ardhi yetu mpaka ukingo wa mto Kagera. Uwanja wake ulikuwa umejaa watu. Muda si mrefu magari yakaanza kuchukuliwa kwa ajili ya jeshi. Lori la ushirika nalo likachukuliwa, na dereva wake ndani yake. Deusi alipewa nafasi ya kuja kuchukua blanketi na shati. Alisimama uani akalitazama paa, akanitazama mimi. "Mwambie Gervasi amalize," akasema. Kumbe hata maneno ya kuagana yanaweza kuwa ya bati na misumari. Tangu siku hiyo sijapata habari yake.

Wanaotoka kwetu Biharamulo (mimi nimeolewa hapa, nyumbani ni kule) wanasimulia kuhusu familia zinazokuja kutoka kaskazini na magodoro kichwani. Nilimwomba mama mkwe twende tukalale kwa jirani, angalau mpaka paa liishe. Kifua chake hakivumilii unyevu. Alivuta kanga yake akajifunika magoti.

"Mimi nilishahamishwa mara moja," akasema. "Sihami tena."

Basi tukabanana sote upande wenye bati. Mvua ikinyesha, maji hupita sebuleni na kutoka mlangoni kama mtu mwenye safari zake.

Jumatano ndege ikapita.

Ilikuwa juu sana. Ya nani, sijui mpaka leo. Kijiji kizima kilikimbilia migombani. Nilimbeba Fredi, nikamvuta Anjela kwa mkono, mama mkwe akakataa kutoka. Tulilala kifudifudi kwenye majani makavu. Ndege ilipokwisha kupita na kila mtu akainua kichwa, niliona wote wanatazama kitu kimoja.

Bati letu. Jua lilikuwa limetoka kidogo, nalo linawaka.

Mzee Sebastiani akaja na wanaume kadhaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. "Mama Anjela, bati lako linang'aa mpaka Burundi. Lifunike." Nikasema nitalifunika, nitapaka udongo, nitaweka nyasi, chochote. Mmoja wa wale wanaume akauliza, polepole, kama anayefikiri kwa sauti, "Lakini kwa nini aliezeka upande mmoja tu? Upande wa barabara?"

Mwingine akajibu, "Alama."

Nilicheka. Kusema kweli nilicheka, kwa sababu wanayemsema ni Gervasi, mtu asiyeweza kupanga hata siku yake ya kesho. Hakuna aliyecheka nami. Nikaacha.

Kufikia Alhamisi neno lile lilikuwa limeota miguu. Gervasi hana kazi ya kudumu, kazi yake ni kutembea. Gervasi hupanda juu ya mapaa, anaona mbali. Gervasi si wa hapa, sikia tu anavyosema. Waliosema hivyo nao walikuwa wakisema "kurara" na "kurima", lakini hawakujisikia.

Ijumaa mgambo wakamkamata njiani akitokea Kibimba. Katika mfuko wake wakakuta kamba iliyofungwa mafundo, timazi ya kunyoshea kuta, na ile pima maji yake, kipande cha mti chenye kichupa kidogo cha maji na povu linalotembea. Wakaionyesha kwa kila mtu. Povu likaenda huku, likaenda huku. Mama mmoja alijifunika uso.

Wakamfunga kamba za mkonge mikononi, wakamweka ofisi ya kijiji. Ikasemekana gari litakuja kumchukua kumpeleka wilayani, na kutoka huko hakuna aliyejua. Kisha wakaja kuniita: niende Jumamosi asubuhi nieleze, maana paa ni langu.

Sikutaka kwenda. Nilimkasirikia Gervasi kiasi kwamba kuna dakika niliwaza, na wamchukue. Halafu nikawaza kuhusu mimi. Mume wangu yuko vitani. Mimi mwenyewe nimetoka wilaya nyingine, nasema Kisubi, lugha ya kwetu, na watoto wangu nikisahau. Nikimtetea mtu anayeitwa kibaraka, wataniita nani? Na nisipomtetea, neno hilo likishamla Gervasi litashiba?

Mama mkwe alikuwa akichochea moto. Akasema, bila kugeuka, "Sema unachokijua. Usichokijua kiache."

Nikaenda.

Ofisi ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa kijiji mezani, pembeni yake kamanda wa mgambo, kijana aliyeletwa kutoka wilayani, macho mekundu ya mtu asiyelala. Gervasi sakafuni. Sikumtambua haraka. Sikuwahi kumwona amenyamaza.

"Ndugu," kamanda akaniambia, "mtu huyu alikwambia kwa nini ameacha upande mmoja wazi?"

Nikashika ukingo wa meza.

"Aliniambia sababu nyingi, Ndugu Kamanda. Mke wake alijifungua. Msumeno uliazimwa. Mjomba wake alikufa mara mbili."

Nyuma mtu akaguna. Kamanda hakuguna.

"Kwa hiyo unakubali ni mwongo."

"Ni mwongo," nikasema. "Mimi ndiye ninayelala na maji ya uongo wake sebuleni. Lakini hapa si kwangu tu." Nikageuka, maana sikuweza kuendelea kutazama macho yale. "Mama Yustina, mlango wa jiko lako amemaliza?"

Mama Yustina, jirani yangu, akatazama chini. "Bado."

"Mzee Sebastiani, zizi?"

Balozi wetu akajikuna shingo. "Nusu."

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka sasa silielewi, nadhani ni woga uliogeuka ukawa mdomo. Nikamtazama mwenyekiti. "Na choo chako, mzee wangu?"

Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena. "Hakina paa," akasema.

Hapo watu wakacheka. Hata mgambo mmoja mlangoni akacheka akaficha uso. Nikaona mabega ya Gervasi yakitikisika, sikujua kama anacheka au analia.

"Kama nusu paa ni alama," nikasema, "basi ameweka alama kijiji kizima, na ndege itachanganyikiwa. Tumemjua miaka yote kabla ya vita. Alikuwa hivi hivi."

Nilidhani yamekwisha. Kamanda alisubiri kicheko kiishe. Akaishika pima maji, akaiweka mezani kwa uangalifu. Hakuonekana mtu mbaya, ila mtu aliyekabidhiwa kazi kubwa kuliko umri wake.

"Vizuri," akasema. "Mimi simjui. Ninyi mnamjua. Nani atamdhamini?"

Akaeleza. Gervasi hataondoka kijijini mpaka amri nyingine. Atakuja ofisini kila jioni, kabla ya jua kuzama, ajionyeshe. Siku asiyofika, aliyemdhamini atachukuliwa badala yake.

Wote waliokuwa wanacheka wakawa wanatazama kucha zao. Nilisubiri mwenyekiti aseme. Nilisubiri Mzee Sebastiani. Mama Yustina akaanza kumfunga mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa ameshafungwa. Nje tulisikia gari linapanda mlima. Gervasi akainua uso akanitazama.

Nikasikia sauti inasema, "Mimi." Ilikuwa yangu.

Sijui niliwezaje. Si ushujaa. Nadhani sikuweza kuvumilia kusikia gari lile likisimama.

Kwa hiyo leo hali ni hii. Uhuru wangu, na watoto hawa wanaorukaruka kwenye madimbwi ya sebuleni, na mama mkwe anayekohoa, vyote vinategemea ahadi ya mtu ambaye maisha yake yote hajatimiza ahadi. Jana walipomfungua, aliniambia atakuja leo asubuhi, mapema, baada ya misa, amalize paa na kulifunika. Anaruhusiwa kulala kwenye jiko la jamaa yake, kule bondeni, upande wa barabara inayokwenda mpaka wa Burundi.

Misa ilikwisha zamani. Nimemenya ndizi, nimepika, watoto wamekula. Yeye hayupo.

Nimekwenda mpaka barabarani mara kadhaa. Mama Yustina aliniona akaingia ndani.

Nikichukuliwa, nani atamweleza Deusi? Atarudi akute nini?

Mvua imeanza kukaza. Naacha hapa.

*

Jioni, Jumapili hiyo hiyo.

Amekuja.

Hakupita barabarani. Alitokea nyuma, kwenye migomba, na mzigo wa nyasi kichwani, ameloa mpaka mifupa. Nilikuwa nimeshika ufagio, nikatamani nimpige nao. Nikamwambia nimekaa siku nzima nikihesabu nitakavyofungwa. Akafungua mdomo, nikaona kabisa sababu inakuja, nikaiona ilivyo, labda mjomba wa tatu. Kisha akaufunga.

"Sina sababu, Mama Anjera," akasema. "Niriogopa kupita mbere za watu."

Alikuwa na jeraha juu ya jicho. Watoto walimrushia mawe asubuhi alipojaribu kuja.

Nikamwambia apande, mvua inazidi. Akanionyesha mikono. Kamba zimeivimbisha mpaka vidole haviwezi kukunjana. Nyundo niliyompa ilianguka chini. Alijaribu tena, ikaanguka tena, akaketi juu ya nyasi zake akaitazama.

Basi nikafunga kanga kiunoni nikapanda mimi.

Mwanamke juu ya paa, Jumapili, vita vikiendelea. Mama mkwe alitoka mlangoni, akatazama juu, nikadhani atanikemea. Akasema tu, "Shika mti kwanza, ndipo ushike bati." Gervasi akawa chini, anasukuma bati kwa mabega na viganja, ananielekeza. Msumari upige mgongoni mwa bati, si kwenye bonde lake. Usitazame chini. Hapo hakuna kenchi, rudi nyuma. Nilijipiga kidole gumba nikalia, si kwa ajili ya kidole. Maji yalinimwagikia machoni. Kila nilipoinua kichwa nilitazama angani, nikisikiliza.

Tulikuwa tumefika bati la mwisho nilipowaona mgambo wawili wanakuja kutoka ofisini. Kwa sababu ya mawingu ilionekana kama jua limeshazama. Mmoja alikuwa na kamba.

"Yuko wapi mtu wako?" akaniuliza kutoka barabarani.

Nikaikamata nyundo kwa mikono miwili. Kisha bati likainuka mbele yangu, na kutoka chini yake sauti ya Gervasi ikasema, "Niko hapa, afande. Nimerishika bati, nikiriachia ritamwangukia mama."

Wakaingia ndani wakamwona, amesimama sebuleni, bati kichwani kama mtu aliyebeba nyumba nzima. Halafu yule mwenye kamba akaiweka chini akashika upande wa pili mpaka nikapigilia msumari. Akamwambia Gervasi, "Jua halijazama. Ukimaliza njoo." Wakaondoka.

Paa limekwisha. Limepinda. Kofia ya juu, pale mabati yanapokutana, haikukaa sawa, na kwenye pembe ya mlango linavuja. Gervasi akalala juu yake kwa tumbo akalipaka udongo kwa viganja vyake vilivyovimba, mimi nikimpandishia nyasi. Sasa haling'ai. Ukiwa mbali utadhani ni kichuguu.

Alinawa, akakataa chakula, akasema ataharakisha kwenda ofisini.

Nami nikamfuata.

Sijamwambia mtu, hata mama mkwe nilimwambia nakwenda kuchota maji, mvua ikinyesha. Nilimfuata kwa mbali, nikipita kando ya migomba. Mwisho wa nyumba zetu njia hugawanyika. Mkono mmoja unapanda ofisini. Mwingine unashuka bondeni, na ukishuka tu hakuna wa kukusimamisha mpaka mpakani.

Gervasi akasimama pale.

Alisimama muda mrefu. Aligeuza uso upande wa bonde. Nikajua anachowaza kama ninavyojua jina langu: gari litakuja siku nyingine, neno lile halijafa, limelala tu. Kule ng'ambo ana shangazi. Mimi ningekuwa yeye ningekwenda. Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo, nikauziba kwa kanga, kwa sababu ningemwita angejua kwamba nilimfuata, na sijui mtu akijua hivyo hufanya nini.

Akapangusa uso kwa mkono. Akapanda njia ya ofisini.

Nilikaa chini kwenye matope.

Sasa tumekusanyika sote sebuleni, chini ya bati. Mama mkwe amelala, kikohozi kimepungua kidogo. Watoto wanalalamika kwamba mvua imefungiwa nje.

Vita havijaisha. Deusi hajulikani alipo. Kesho jioni Gervasi atafika tena kwenye njia panda, na keshokutwa, na siku nyingine zote mpaka mtu aseme basi. Siwezi kuishi nimejificha nyuma ya migomba, nikimchunga mtu mzima kama ndama. Ama namwamini ama simwamini.

Nimeamua. Kesho sitamfuata.

Najua nitamfuata.